Dau la Pauni 400: Kutoka Musselburgh hadi Carnoustie

Uwanja wa kwanza ambao mjomba alinipeleka umezungukwa na njia ya farasi. Musselburgh ni mji mdogo wa pwani, mwendo mfupi wa basi kutoka Edinburgh, na mashimo yake tisa ya zamani ya gofu yamo katikati ya uwanja wa mbio za farasi. Uzio mweupe wa mbio unapita huku na huku, na mchezaji akitaka kufika shimo jingine huenda akalazimika kuvuka njia iliyopigwa kwato. Mashindano ya Open, ambayo wapenzi wengi wa gofu huyaweka mbele ya mengine yote, yalichezwa hapa mara sita kati ya 1874 na 1889. Siku niliyofika walikuwepo wazee wawili na msichana mmoja wakicheza, upepo wa ghuba ya Forth ukiwapiga ubavuni.

“Mwanangu,” mjomba alisema akiwa ameegemea uzio, “watu walikuwa wakiweka dau kwa farasi na kwa wachezaji gofu juu ya nyasi hizi hizi. Ndiyo maana nimekuanzishia hapa.”

Mjomba ni ndugu wa mama yangu, mtu wa Tanga, aliyeendesha mabasi ya Edinburgh mpaka akastaafu. Hajawahi kucheza gofu maishani mwake. Ila anaifuatilia kwa daftari, na wiki za mashindano makubwa huweka dau dogo dukani, pesa ambayo mke wake anaijua. Nyumbani Dar es Salaam nimezoea kuwaona vijana wakipanga mkeka wa timu kumi na tano kwenye simu, nyingine za ligi ambazo hawajatazama hata mechi moja, na mkeka ukichanika wanapanga mwingine hapo hapo. Jambo hilo linaniuma, maana baadhi yao ni wadogo zangu. Nilimpigia mjomba simu nikamuuliza yeye na wao wanatofautiana nini. Hakunijibu moja kwa moja. Alisema nikipata nafasi nije, anionyeshe ardhi.

Njia tuliyoifuata aliichagua yeye, na ilikuwa njia ya mchuano wa mwaka 1849. Wakati huo Open haikuwepo. Ilianza mwaka 1860 huko Prestwick, wachezaji wakiwa wanane tu. Kabla ya hapo gofu ya kulipwa ilikuwa dau tupu: mabwana wenye fedha walimchukua fundi wao, mwenzao wa mji mwingine akamchukua wa kwake, na kitita kikawekwa kati. Mwaka ule Allan Robertson wa St Andrews, aliyejulikana kuwa bingwa wa zama zake, aliungana na Tom Morris, kijana aliyejifunza kazi ya kutengeneza mipira kwake, kupambana na mapacha Willie na Jamie Dunn wa Musselburgh. Dau lilikuwa pauni 400, fedha nyingi mno enzi zile. Walikubaliana kucheza viwanja vitatu, mashimo 36 kila kimoja: Musselburgh kwa akina Dunn, St Andrews kwa wapinzani wao, kisha North Berwick. Atakayeshinda viwanja viwili ndiye mwenye fedha.

Musselburgh, mapacha waliwashindilia. Waliongoza kwa mashimo 13 ilhali yamebaki 12, kwa hiyo mechi iliisha mapema. Walipohamia St Andrews, Robertson na Morris wakashinda. Watu ni wale wale wanne, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni nyasi, mchanga na mahali upepo unapotokea. Mjomba aliisimulia habari hii kwa sauti ya mtu anayeeleza sheria, na kwa maoni yangu hakuna maelezo mengine ya kamari ya gofu yanayoyapita hayo. Anayemwekea dau mchezaji kwa jina lake bila kujua atachezea wapi ameweka nusu ya dau gizani.

Kando ya grini ya nne kuna nyumba iliyokuwa baa ya Mrs Forman. Mwaka 1870 Tom Morris, sasa akiwa mtu mzima na bingwa, alirudi Musselburgh kupambana na Willie Park, kipenzi cha mji. Umati uliokuwa na fedha kwa Park ulisongamana hadi karibu na mipira, na mipira ikaanza kupigwa mateke. Mwamuzi, mchapishaji wa vitabu Robert Chambers, aliusimamisha mchezo, na yeye na Morris wakaingia ndani kwa Mrs Forman. Park alikataa kungoja. Alicheza mashimo yaliyobaki peke yake akadai fedha ni zake. Nilisimama pale nikipima umbali kutoka mlangoni hadi shimoni, hatua chache tu, nikaelewa kwa nini leo watazamaji huzuiwa kwa kamba. Dau kubwa likikaa karibu na mpira, mpira hauna usalama.

North Berwick tulikwenda kwa treni. Huko bahari iko wazi zaidi, na mbele ya mji linasimama jiwe kubwa liitwalo Bass Rock, jeupe kwa ndege wa baharini na vinyesi vyao. Uwanja una kuta za mawe zinazokatiza katikati ya mchezo. Shimo la 13, liitwalo Pit, grini yake iko nyuma ya ukuta. Mpira ukisimama mahali pabaya, huna budi kuutafutia upande wa kuurukia. Shimo la 15, Redan, limeigwa na wasanifu wa viwanja sehemu nyingi duniani: grini yake imelala mshazari na kuinamia nyuma, kwa hiyo anayelenga bendera moja kwa moja hujuta. Nilivutiwa kuona kuwa wenyeji hawalengi bendera kabisa. Wanapiga upande wa kulia, wanauachia mteremko kazi.

Hapa ndipo dau la pauni 400 lilipoamuliwa. Yakiwa yamebaki mashimo manane, akina Dunn waliongoza kwa manne, na watu walikuwa wakitoa 20 kwa 1 kwa yeyote aliyethubutu kuwaunga mkono Robertson na Morris. Kidogo kidogo mashimo yakarudi. Timu zikiwa sawa, yamebaki mawili, mpira wa mapacha ukakwama nyuma ya jiwe. Pigo moja la kurudisha mpira nyuma lingewaokoa. Badala yake, kwa joto la wakati ule, waliupiga kwenda mbele tena na tena, na jiwe likaukatalia. Robertson na Morris wakaondoka na ushindi. Nilimuuliza mjomba kama wale waliochukua 20 kwa 1 walikuwa na akili au bahati. “Walikuwa na pauni moja ambayo hawakuihitaji kesho yake,” alisema.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha, tukabaki Edinburgh, naye akanipeleka kwenye duka lake la kubeti. Maduka haya ni halali Uingereza tangu Mei 1961, na kwenye mitaa ya miji yapo kama yalivyo maduka ya dawa: taa nyeupe, televisheni ukutani, kalamu fupi na karatasi. Mama aliyekuwa kaunta alimfahamu mjomba kwa jina na alituonyesha bila haraka jinsi dau la gofu linavyofanya kazi. Naeleza kwa urefu kidogo kwa sababu ni tofauti na mkeka wa mpira.

Mashindano ya kawaida ya gofu yana wachezaji zaidi ya mia. Open huanza na 156. Hata anayepewa nafasi kubwa kuliko wote mara nyingi hushindwa, kwa hiyo wabashiri wengi hugawa dau pande mbili. Ukiweka pauni 5 kwa kila upande, umetoa 10. Tano za kwanza ni za ushindi tu. Tano za pili ni za kumaliza, tuseme, ndani ya nane bora, kwa sehemu ya tano ya odi. Mchezaji wako akiwa 40 kwa 1 na akamaliza wa tatu, upande wa ushindi umepotea, lakini upande wa pili unalipwa 8 kwa 1: pauni 40 na tano zako, jumla 45. Ila gofu ina sare nyingi. Wakifungana wanne kuanzia nafasi ya saba, na zilizobaki ni mbili tu, dau lako hukatwa nusu kabla ya kulipwa, na zile 45 zinakuwa 22.50. Wengi hawalijui hilo mpaka siku ya kulipwa.

Kisha mjomba alifungua daftari akanionyesha hesabu nyingine. Ukizigeuza odi za wachezaji wote kuwa asilimia na kuzijumlisha, hupati mia. Unapata zaidi, na katika gofu, kwa sababu wachezaji ni wengi, ziada hiyo huwa nene. Ile ziada ndiyo chakula cha kampuni. Sijasikia mtu yeyote akiwaeleza vijana wetu jambo hili kabla hajawaonyesha matangazo ya washindi, na ningependa lifundishwe shuleni, kwenye kipindi cha hesabu.

Wapo waliowahi kuipita kampuni kwa akili. Mwaka 1991 wanaume wawili kutoka Essex walikokotoa kwamba katika mashindano makubwa, uwezekano wa angalau mchezaji mmoja kutia mpira shimoni kwa pigo moja ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Waliyakwepa makampuni makubwa yaliyokuwa na hesabu zake, wakazunguka kwenye maduka madogo ambayo wenyewe walikisia tu, wengine wakawapa hadi 100 kwa 1. Mashindano matano waliyoyachagua yote yalipata pigo hilo, nao wakajikusanyia takriban pauni nusu milioni, ingawa baadhi ya maduka yalikataa kuwalipa. Na Gerry McIlroy, mwaka 2004, aliweka pauni 200 kwa 500 kwa 1 kwamba mwanawe Rory, aliyekuwa kijana wa shule, angeshinda Open ndani ya miaka kumi. Rory alishinda mwaka 2014 kwenye uwanja wa Royal Liverpool. Baba alikuwa amemtazama mtoto akipiga mipira tangu utotoni. Kampuni ilikuwa na jina tu.

St Andrews haina stesheni. Unashuka Leuchars, unapanda basi, na ghafla mji wa mawe ya kijivu unakutokea ukiwa na bahari pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kukuta uwanja umefungwa kwa geti na walinzi. Old Course haina geti. Ni uwanja wa umma; njia ya watu iitwayo Granny Clark's Wynd inakatiza shimo la kwanza na la mwisho, na wenyeji wanapita na mikoba ya sokoni, wakisubiri mtu apige ndipo wavuke. Jumapili za kawaida hauchezwi. Tulifika Jumapili kwa makusudi ya mjomba, tukautembea wote pamoja na familia zenye mbwa na vigari vya watoto, na hakuna aliyetuuliza chochote. Kwangu hiyo ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote za safari.

Kwenye televisheni ardhi ile inaonekana tambarare. Miguuni haiko hivyo. Kuna mawimbi, vilima vya kimo cha goti, mabonde yanayomficha mtu mzima. Mashimo ya mchanga ni 112, mengi yakiwa hayaonekani kutoka pale mchezaji anapopigia. Yanaonekana vizuri ukiutembea uwanja kinyumenyume, kutoka mwisho kuelekea mwanzo, kwa sababu enzi fulani ulikuwa ukichezwa hivyo. Grini saba kati ya kumi na moja zinatumiwa na mashimo mawili kila moja, kubwa mno, na mpira unaweza kukaa grinini ukawa bado mbali sana na shimo lake.

Mjomba alinipeleka kwanza shimo la 17, Road Hole. Mchezaji huanza kwa kupiga juu ya pembe ya jengo la hoteli bila kuona mpira utakapoangukia. Kushoto mwa grini kuna shimo la mchanga lenye kuta wima. Nyuma yake barabara, kisha ukuta wa mawe. Hapa alinisimulia Jumapili ya Open ya Julai 2022. Rory McIlroy na Viktor Hovland walianza siku wakiongoza pamoja, pigo nne mbele ya waliowafuata, na mji mzima ulikuwa nyuma ya Rory. Alifanya kila kinachosemwa na vitabu: kila grini aliifikia kwa wakati wake, na kwenye kila grini alihitaji pigo mbili. Pigo 36 za grinini, duru ya 70. Mbele yake Cameron Smith wa Australia alipiga 64. Katika Road Hole mpira wa Smith ulikwama upande ule mbaya, shimo la mchanga likiwa kati yake na bendera. Hakujaribu kuurusha juu yake. Aliuviringisha mpira kuuzunguka mchanga, ukapanda kilima, ukasimama mbali kidogo, na akauzamisha. Alimaliza pigo 20 chini ya kiwango, Cameron Young wa pili, Rory wa tatu.

Niliviringisha jiwe dogo kwa mguu pale pale ili nione mteremko unavyovuta. Lilikwenda mchangani. Mjomba alikuwa na Rory siku ile kwa pande mbili, na nafasi ya tatu ilimlipa kiasi. Baada ya hapo aliandika katika daftari kwamba kwenye Old Course anamtafuta kwanza mtu wa kupima pigo ndefu za grinini, halafu ndipo aangalie nguvu.

Jambo la pili alinionyesha tukiwa ufukweni West Sands, kofia mkononi kwa sababu ya upepo. Katika Open wote huanzia shimo la kwanza, wengine alfajiri, wengine alasiri, na siku ya pili zamu hugeuzwa. Mwaka 2010 McIlroy alipiga 63 siku ya Alhamisi, duru ya ajabu. Ijumaa alitoka mchana, upepo ukawa mkali hata mchezo ukasimamishwa kwa muda, na akapiga 80. Louis Oosthuizen wa Afrika Kusini alikuwa ametoka asubuhi mapema na kupiga 67 kabla hali haijachafuka. Jumapili alishinda kwa pigo saba. Si kwamba upepo ndio uliompa kombe. Alicheza vizuri siku zote nne. Lakini tangu hapo mjomba haweki dau lolote la Open kabla ya Jumatano jioni, zamu zikiwa zimetangazwa na utabiri wa hali ya hewa ukiwa wa kuaminika. Kampuni zinaujua utabiri ule ule, na odi husogea. Bado ni bora, anasema, kuliko kubashiri miezi sita kabla.

Kutoka Leuchars treni inavuka mto Tay kwa daraja refu na kuingia Dundee, kisha inafuata pwani hadi Carnoustie. Huu si mji wa kupiga picha. Uwanja wake nao hauna mapambo: ardhi pana, nyasi ndefu, na kijito kiitwacho Barry Burn kinachojikunja kwenye mashimo ya mwisho kana kwamba kilichimbwa kwa kusudi. Tulisimama kwenye kidaraja cha shimo la 18. Mwaka 1999 Jean van de Velde wa Ufaransa alifika hapa akiwa na akiba ya pigo tatu. Kwa shimo la pigo nne, sita zingempa kombe. Mpira wake wa pili uligonga jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye nyasi ndefu. Wa tatu ukaingia kijitoni. Alivua viatu, akashuka majini, akautazama mpira, akabadili nia. Alimaliza kwa saba, na katika mashimo ya nyongeza Paul Lawrie, Mskoti wa Aberdeen aliyeanza siku akiwa nyuma kwa pigo kumi, akashinda. Mwaka 2007 Padraig Harrington alitia mipira miwili katika kijito kile kile kwenye shimo la mwisho, na bado akachukua kombe kwa nyongeza dhidi ya Sergio Garcia.

Siku hizi simu inakuruhusu kuweka dau wakati mpira uko hewani. Nilipokuwa nakitazama kile kijito niliwafikiria waliompa fedha zao zote mtu mwenye akiba ya pigo tatu. Uingereza imepiga marufuku kadi za mkopo katika kamari tangu Aprili 2020, na ipo orodha ya kitaifa ambamo mtu anaweza kujiandikisha ili kampuni za mtandaoni zimfungie mlango. Ningefurahi kuona hatua kama hizo zikishika kwetu pia, na kwa nguvu.

Karibu na kibanda cha kuanzia alikaa mzee mmoja wa pale, zamani mbeba fimbo. Aliposikia ninatoka Afrika Mashariki alisogea kunipisha kwenye benchi. Alitaka kujua habari za Nairobi. Kenya Open imekuwepo tangu 1967, Seve Ballesteros aliishinda mwaka 1978, na tangu 2019 imo katika ngazi ya juu ya ziara ya Ulaya, kwa hiyo kila mwaka odi zake hubandikwa hadi Carnoustie. Mzee alikuwa na nadharia. Viwanja vya Nairobi viko juu ya mita 1,600, mpira huruka mbali zaidi, na nyasi zake ni za kikuyu, nene na zenye kung'ang'ania fimbo. Waafrika Kusini wamekulia kwenye nyasi hizo. Justin Harding alishinda Karen mwaka 2021, Jacques Kruyswijk akashinda Muthaiga mwaka 2025.

“Na katikati hapo?” mjomba aliuliza, daftari likiwa wazi. Mchina, Mhispania na Mholanzi: Ashun Wu, Jorge Campillo, Darius van Driel.

Mzee alikubali kwa kichwa. Hilo ndilo lililomsumbua. Akanigeukia akauliza mvua kubwa za Nairobi huanza lini. Nilimwambia kwa kawaida ni Machi, na mashindano huangukia Februari au Machi, kwa hiyo kuna mwaka ardhi huwa kavu na mpira ukaviringika sana, na kuna mwaka mvua hutangulia, nyasi zikanenepa.

“Basi mwaka wa mvua ndio namweka Mwafrika Kusini,” alisema.

“Kwa kiasi gani?” mjomba akamuuliza.

“Pauni mbili. Moja kila upande.”